Kampuni Iliyokaa kwa Annastella

Annastella ni mjane wa hapa Izigo, jirani yangu tangu tulipoolewa. Aliishia darasa la saba kama mimi. Lakini sijaona mtu aliyetunza mgeni kama yeye alivyoitunza kampuni.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili tukiuza kahawa pamoja. Wakili Anatory alipokuja kutoka Bukoba mjini kutuandikisha kama kampuni, aliuliza, "Itakaa wapi?"

Edvina, mwenyekiti wetu, akadakia, "Inakaa? Tuitandikie na kitanda?"

Tulicheka, wakili naye akacheka. Kisha akatueleza kwamba mbele ya sheria kampuni ni mtu, ingawa haina mwili, na lazima iwe na nyumba inayojulikana. Barua ikiachwa katika nyumba hiyo, kampuni imeipata, hata kama hakuna aliyeifungua. Tukachagua kwa Annastella, kwa kuwa nyumba yake iko kando ya barabara naye hana safari.

Kesho yake baada ya hati kutoka, nilimkuta ametandaza nyasi mbichi sebuleni, kama tunavyomfanyia bibi harusi. Hati ya kampuni ilikuwa ukutani, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Chini yake kulikuwa na kiti kitupu na kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa tunazotafuna na wageni.

"Ipe na matoke, isije ikakonda!" Edvina alimtania.

"Cheka tu, waitu, ndugu yangu," Annastella akasema. "Mungu naye hatumwoni, na kanisa tunalifagia."

Mimi nilikizunguka kile kiti, nisikiguse.

Miaka mitatu hakulala nje ya nyumba ile. Jumapili alisali misa ya kwanza na kurudi mbio. Siku moja ilifika barua ya mtu aliyedai uwanja wetu wa kuanikia kahawa, na siku za kujibu zilikuwa saba tu. Annastella aliibeba kifuani kwenye mvua hadi kwa Edvina. Tulijibu siku ya sita, uwanja ukapona. Toka hapo hakuna aliyemcheka tena.

Mwaka huu macho yake yakaingia ukungu. Binti yake, Kokuberwa, akaja kumchukua akakae kwake Kibeta, huko Bukoba mjini, afanyiwe upasuaji na kuhudhuria kliniki miezi miwili.

"Nani atapokea barua?" Annastella akauliza.

"Mama, daktari kasema ukichelewa utapofuka!"

"Na nikiondoka, mgeni wangu nimwachie nani? Hapa ndipo alipozaliwa. Mtu hang'olewi mahali pake."

Kokuberwa akatoka nje akilia. Sisi wote tuliamini hivyohivyo. Wazee wetu waliokufa wamelala mgombani na hakuna anayewahamisha. Nani angethubutu kuihamisha kampuni? Nilisali rozari nzima kabla ya kumpigia wakili.

"Bi Vestina," akaniambia, "kampuni haina kaburi. Kaeni kikao, mchague nyumba nyingine, msaini, nami nimjulishe msajili wa kampuni. Akishaandika, imehama."

"Bila gari?"

"Bila hata godoro, mama."

Nilikata simu. Kiumbe gani hiki, kinachohama kwa wino na hakiachi hata alama ya mguu!

Tulikaa kikao, nyumba yangu ikachaguliwa. Siku wakili aliposema msajili ameandika, Annastella alishusha hati mwenyewe, akipapasa ukuta. Tukamfuata njiani kimya, kama watu walio nyuma ya Ekaristi. Kwangu nilikuwa nimefagia tu. Akainama, akagusa sakafu kwa kiganja.

"Nyasi ziko wapi, Vestina?"

Niliona haya, nikaenda kukata. Alizitandaza yeye, polepole, akipima kwa vidole mpaka kona zote zikajaa. Halafu akamshika binti yake mkono.

"Haya, mwanangu. Sasa twende Kibeta."

Waliondoka. Nikarudi ndani, nikajikuta nimevua ndala mlangoni. Nikaweka kiti chini ya hati, nikaenda kutafuta kikapu.