Birindwa alinisalimia na bunduki mukononi

Leo basoda kumi wamelala chini kwa kuniogopa mimi!

Bon, nadanganya. Waliogopa salamu.

Nilipita kule basoda wanajifunza kupiga shabaha, nikaona mutoto wa dada yangu kati yao. Nikaita: «We Birindwa! Hausalimie tonton, mujomba wako?»

Akageuka mwili muzima, vile tulimulea: mukubwa unamusalimia uso kwa uso.

Bunduki ikageuka naye.

«Chini wote!» mukubwa wao akapiga kelele. Akakuja polepole, akainua mudomo wa bunduki juu, akaifungua. Risasi ikaanguka.

«Papa, hapa heshima ni kuangalia shabaha tu.»

Kale karisasi, kadogo kama kidole! Na kalikuwa kanaangalia tumbo yangu.

Birindwa amefungwa kambini juu ya ile salamu. Papa Safari, jirani yangu, nilikutengenezea mulango, sasa unilipe hivi: nenda wewe kumwambia dada yangu kwamba kosa ni yangu. Mimi namuogopa kuliko bunduki.