Mkono Mzito kwenye Shingo Fupi

Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi, Milimita alifungua karakana yake saa mbili kasorobo asubuhi. Ilipotimu saa tisa alasiri alikuwa bado ameinamia gitaa lile lile, na ukiondoa nusu saa ya chakula, hakuwa ameinua shingo.

Jina hilo alibandikwa na wanamuziki, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukisia. Alisomea useremala chuoni miaka miwili, kisha akahamia kwenye magitaa ya umeme kwa kufuata nyayo za mama yake mkubwa, ambaye alikuwa jukwaani tangu Milimita hajaota meno. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Watu walisema, ukitaka akujibu salamu, mletee rula.

Gitaa lililokuwa mezani, juu ya blanketi kuukuu, lilikuwa la shingo fupi. Mama Mkubwa alilinunua baada ya kiharusi. Mguu wake ulikuwa umerudi, ulimi ulikuwa umerudi na makali yake yote, ila mkono wa kushoto haukuweza tena kutanuka kama zamani, na kwenye shingo fupi vidole havina safari ndefu. Jioni hiyo, saa kumi na mbili, bendi aliyoianzisha mwenyewe ingepiga ukumbini. Wenzake walikuwa wamemwambia waziwazi: akishindwa leo, nafasi yake inakwenda kwa kijana mmoja ambaye tayari alikuwa amealikwa aje kusikiliza.

Ndiyo maana Milimita aliogopa tangu alfajiri. Chuoni walifundishwa kwamba mbao haipokei samahani, ukikosea umekosea. Na shingo fupi ina kasoro yake ya kuzaliwa: nyuzi hukaa zimelegea kidogo, na uzi uliolegea ukibonyezwa vibaya hupandisha sauti. Basi kutwa nzima aliligusa kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Alisogeza vikalio, vile vipande vidogo vya chuma ambavyo nyuzi hukalia mwishoni, nywele kwa nywele, hadi tyuna, kile kipima sauti, ikakubali kila sauti, juu na chini.

Mama Mkubwa aliingia akifuatana na mpiga ngoma wa bendi, jibaba moja waliloliita Debe.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Limepona?"

"Hilo gitaa au kijiko?" Debe alidakia. "Mbona limezaliwa kabla ya miezi?"

"Fupi ni gitaa, Debe. Akili yako je?" Mama Mkubwa alimjibu.

Alikaa kwenye stuli, akalichomeka kwenye spika, akapiga.

Sauti ilitoka imepinda. Debe alikunja uso kama aliyeng'ata limau. Mama Mkubwa akapiga tena, ikapinda zaidi, na macho yake yakamgeukia mpwa wake polepole.

"Mwanangu, umenifanyia nini?"

Milimita alilipokea gitaa, akabonyeza sehemu zile zile: sauti ilikuwa imenyooka. Akalirudisha: ikapinda. Alikaza chuma kilicho ndani ya shingo robo mzunguko, akasikiliza mbao kwa sikio, akiwa na hakika kwamba imepasuka ndani kwa ndani na kwamba yeye ndiye aliyeipasua. Alimpa tena. Ikapinda vile vile.

"Tumpigie yule kijana aje na gitaa lake?" Debe aliuliza kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa akitania.

Mama Mkubwa alibonyeza tena, meno yameumana, na hapo ndipo Milimita alipoacha kulitazama gitaa, akautazama mkono. Kucha zilikuwa nyeupe kama chaki. Uzi mwembamba ulikuwa umezama kwenye nyama ya kidole cha shahada, na damu ilikuwa ikishuka taratibu kwenye shingo ya gitaa. Mama Mkubwa aliendelea kupiga. Hakujua.

Hofu ya mbao ilimwondoka Milimita, ikaingia nyingine iliyokuwa mbaya zaidi. Alijiegemeza mezani, katikati yao, ili Debe asione damu ile.

"Kaka Debe, naomba unisaidie. Betri za tyuna zimekwisha. Duka liko pale kona."

"Mimi tena! Bendi nzima, mtu wa kutumwa ni mimi?"

"Nenda, miguu yako haina kazi nyingine," Mama Mkubwa alimwambia.

Mlango ulipofungwa, Milimita alichukua kitambaa mezani. Tangu utoto wake hakuwahi kumuuliza mwanamke huyu swali ambalo lingemvua nguo.

"Mama Mkubwa, vidole vyako vinausikia uzi?"

"Nani kakwambia habari hizo?"

Milimita aligusisha kitambaa kwenye kile kidole, akamwonyesha wekundu.

Mama Mkubwa aliinua vidole viwili. "Viwili hivi ni kama vya mtu mwingine," alisema. "Nabonyeza mpaka mfupa usikie, ndipo najua nimefika. Wakijua, hawatasubiri nishindwe. Mwanangu, mimi tangu niamke leo naogopa."

"Na mimi."

"Wewe unaogopa nini? Kiharusi ni changu."

"Nililitengeneza kwa mkono wangu," Milimita alisema. "Nilipaswa kulitengeneza kwa wako."

Alivua nyuzi zote, akafunga nyingine nene zisizoyumba kirahisi. Kisha akashika tupa ili kuteremsha vijia vya kile kipande cha mfupa ambamo nyuzi hupita kichwani mwa shingo, zisihitaji kushuka mbali. Hapo palikuwa pa kutisha kweli: tupa ikizidi mvuto mmoja, uzi hulala juu ya shingo na kukoroma, wala hapakuwa na mfupa mwingine wa kubadilisha kabla ya saa kumi na mbili.

"Bado unaogopa," Mama Mkubwa alisema.

"Ndiyo."

"Basi vuta ukiogopa, muda hauna huruma."

Akavuta, akapima, akavuta tena, akaacha. Alifunga kile kidole kwa plasta nyembamba. Halafu Mama Mkubwa alibonyeza kwa uzito wake wote, na Milimita akavirudisha vikalio nyuma, kimoja kimoja, hadi sauti iliyopanda ikashuka mahali pake. Yeye mwenyewe alipolijaribu gitaa kwa mkono wake mwepesi, sauti ilizama chini ya mahali pake. Hakuirekebisha.

Debe alirudi akihema, betri mkononi, akakuta gitaa linaimba. Alisimama mlangoni, akasikiliza wimbo mzima.

"Kumbe lilikuwa linaninunia mimi," alisema.

Jioni Milimita alisimama nyuma ya pazia la ukumbi, ngumi kifuani, asisikie nyimbo bali kila uzi peke yake. Mama Mkubwa alichelewa kuingia kwenye wimbo mara mbili, na mara moja alisahau ubeti. Sauti haikupinda hata mara moja. Yule kijana alipiga makofi pamoja na watu wengine, kisha akaenda zake nyumbani. Milimita alikaa chini palepale.

Mwaka mmoja baadaye Mama Mkubwa alilirudisha gitaa karakanani akilalamika kwamba sauti zake zinazama, na Milimita akavisogeza vikalio mbele kidogo, kwa sababu mkono ule wa kushoto ulikuwa umeanza kubonyeza kwa wepesi.