Mjerumani Amenguruma, Kuku Wamehama

Alhamisi nilikuwa kwenye banda la mpaka hapa Tunduma, nikisubiri karani anigongee muhuri. Asubuhi ile alikuwa amewasomea watu gazeti: mtawala wa Ujerumani amenguruma tena, anataka arudishiwe Tanganyika.

Akafika mzee mmoja amekumbatia tenga la kuku, mkewe nyuma na mkeka kichwani.

"Nahamia Nakonde kwa shemeji," akamwambia karani. "Vita ile ya Mjerumani askari walikula kuku wangu wote, kisha wakanitwisha mizigo yao."

Karani hajajibu, kutoka ng'ambo, upande wa Nakonde, akatokea mzee mwingine, naye na tenga la kuku. Wa kwanza akaduwaa.

"Shemeji! Unakwenda wapi?"

"Kwako. Kwetu wanasema Mwingereza atakamata watu wawe wapagazi wa vita. Na wewe?"

"Kwako. Mjerumani anakuja."

Wakatazamana. Kuku tu ndio walioendelea na mazungumzo.

Yule mama akatua mkeka. "Sasa huko nyumbani yupo nani?"

"Hakuna mtu," wakajibu wote wawili.

Mnadhani walirudi makwao? Walielekezana chungu cha maharage kilipo na mlango unavyofungwa, wakaagana kwa heshima, kila mmoja akashika njia yake.

Wasomaji mnaniuliza kama ngurumo za Ulaya ni vita kweli au ni mdomo mtupu. Sijui. Ninachojua, Mjerumani hajafunga hata kamba za viatu, na tayari Nakonde imeivamia Tunduma, na Tunduma imeivamia Nakonde.