Sahani Isirudi Tupu

Mkate wa kumimina hautaki elimu. Mchele unauroweka jioni, asubuhi unautwanga, unatia tui zito, sukari, iliki, na tembo tamu la mnazi, la alfajiri, lisilochacha, ili uumuke. Masheikh waninyamazie, mama zao walitia hilohilo. Unaumimina kwenye chungu cha moto, unafunika, makaa ya vifuu chini na mengine juu ya mfuniko. Halafu unangoja. Hapo ndipo nilipopungukiwa mimi, kungoja.

Mwaka mmoja kabla Wajerumani hawajatuletea mizinga yao, binti yangu aliyeolewa Mlingotini alifiwa na mtoto wa miaka miwili. Matangani, mbele ya wanawake wote, nikasema, "Angekuwa kwangu asingekufa. Mama yake mvivu." Uchungu ulinisemesha, lakini mdomo ni wangu. Binti yangu aliniinulia macho, akayashusha. Tangu siku ile hakukanyaga kwangu Bagamoyo.

Ijumaa moja nikapika mkate, nikautia kwenye sahani yangu ya kaure, nikaufunika kawa, nikajitwika mpaka Mlingotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaipokea sahani, akaingia ndani. Akarudi nayo imeoshwa, inachuruzika maji, haina kitu. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, hata kama una chembe ya chumvi tu. Nikajua bado sijasamehewa.

Nikarudi Ijumaa ya pili, na ya tatu. Sahani tupu. Jirani yake akanicheka barazani, "Bibi wee, unalisha jiwe?"

"Jiwe nililizaa mwenyewe. Wewe lisha la kwako."

Ijumaa ya nne roho ilinienda mbio, nikafunua mfuniko kabla ya wakati. Mkate ukabonyea katikati, chini ukaungua. Nikaupeleka hivyohivyo. Binti yangu, tumbo limeshakuwa kubwa tena, akaumega, akautafuna polepole.

"Umefunua mapema."

"Nimefunua."

"Mtoto alikuwa na homa siku tatu, mama. Sikulala hata moja."

"Najua. Niliropoka."

"Uliropoka mbele ya wanawake. Kayafute mbele ya wanawake."

Hapo ndipo kiburi kiliponishika shingo. Mimi, ninayeitwa kila penye harusi nikapike, nikasimame nijitie aibu? Nikasema, "Idi ikifika, wakikusanyika, nitasema."

Akaichukua sahani, akaingia ndani. Lakini siku ile sahani hakunirudishia. Nilirudi mikono mitupu, nimefurahi kama mjinga, maana sahani iliyobaki kwa mtu ina siku yake ya kurudi.

Idi haikumkuta. Alifariki akijifungua. Nilifika wameshamtoa kwenda kuzikwa.

Siku ya saba mkwe wangu akaja kwangu. Mkono mmoja kambeba mtoto wa kike, mwekundu, analia njaa. Mkono wa pili sahani yangu, na juu yake kitambaa kimefungwa fundo. Nikakifungua. Mchele, vibaba viwili hivi, umepetwa safi.

"Aliufunga mwenyewe," akasema. "Aliniambia, sahani ya mama isirudi tupu."

Nikampokea mtoto. Nikakaa pale chini kwenye mchanga na mtoto wangu mpya.

Mchele ule niliuroweka kwa ajili ya arobaini ya binti yangu. Chungu nilikipeleka Mlingotini, nikapikia uani kwake, na safari hii sikugusa mfuniko mpaka nilipousikia mkate wote unanukia. Wanawake walewale walikuwapo. Kabla hawajala nikasimama, nikasema mwanangu hakuwa mvivu, alikesha siku tatu na mtoto wake, na mimi nilisema uongo. Yule jirani akamega wa kwanza, akasema, "Umeumuka vizuri, bibi." Nikaona bora angenitukana.

Mtoto yule nimemlea mimi. Leo hakuna mwanamke wa kumshinda kwa mkate, toka hapa mpaka Mkange, na simsifu kwa kuwa ni mjukuu wangu. Ana kitu ambacho mimi sikuwa nacho, anajua kungoja. Sahani nimempa. Kipande chake huniletea kila Ijumaa, nami hula nusu tu. Nusu ya pili ni ya mama yake.