Kauli ya Mwisho ya Mama

Mama alifia mikononi mwangu, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Kariakoo, zama za Mwingereza. Tulikuwa wawili tu. Mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa uani akichochea moto wa uji. Mama alinishika kidole, akasema jambo, akakata roho. Nililisikia vizuri.

Matanga yakaanza. Kwetu, kila kundi la wanawake linalokuja kuhani lazima lisimuliwe marehemu aliuguaje na alikufaje, na msimulizi ni mkubwa wa kike wa nyumba. Wakaja wa Gerezani, wakaja wa mitaa ya Mnazi Mmoja. Kila walipoketi mkekani, mama mdogo alifuta machozi akaanza upya: eti mama alinitazama mimi bintiye, akasema, "Huyu radhi zangu anazo," kisha akatoa shahada. Wanawake wakalia, wakasema kafa kifo chema.

Mama hakusema hivyo. Nilimnong'oneza mama mdogo, akanifinya paja, akaniambia nisimwaibishe mbele za watu. Nami nilikuwa mke wa mtu, niliyefundwa na yeye mwenyewe, nikanyamaza. Adabu ile iliniponza.

Sijasomea udaktari, lakini ubongo naujua kwa ulivyonitenda. Nilidhani jambo likishaingia kichwani limeingia, kama mtama ghalani. Wapi! Jambo jipya ni bichi kama udongo wa kukandika ukuta, kila anayeligusa anaacha alama ya kidole chake. Usipolirudia linapukutika. Linalorudiwa ndilo linalokauka likashika, liwe kweli, liwe uzushi. Ilipofika arobaini, nilikuwa nikifumba macho naona midomo ya mama ikicheza, na sauti inayotoka ni ya mdogo wake.

Labda aliomba maji. Labda alinigombeza. Vyovyote vile, aliniambia mimi, na nimenyang'anywa.

Miaka ikapita. Siku moja binti yangu akaniuliza bibi yake alisema nini alipokufa. Nikafungua kinywa, ikatoka ileile: radhi zangu anazo. Nilichukia. Nikavaa buibui nikaenda kwa mama mdogo, nikamkuta amezeeka, anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia nataka ukweli leo: mama alisema nini?

Akaacha ungo, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Si wewe ndiye uliyekuwa naye chumbani?"