Chai ya Wageni Wawili

Nilisikia kwato kabla sijaona farasi. Mwezi uliopita tulikwenda kumzika jirani katika makaburi ya wanajeshi ng'ambo ya mto, na sauti ile ikapanda kilima, ko, ko, ko, juu ya lami. Nikajikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Mimi ni mtu mzima, ndugu yangu, lakini nilirudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa askari wanaoongoza farasi wale wa kuvuta jeneza kwenye mazishi ya kijeshi. Alizaliwa Molo, mji mdogo wa Kenya wa baridi na kondoo, akajifunza farasi huko, kisha akaja kwetu Takoma Park, Marekani, na kujiunga na jeshi. Jumamosi alitujia akinuka nyasi kavu na mafuta ya ngozi. Alinipandisha juu ya mkono wa kochi na kunifundisha kushika hatamu kwa mshipi wa mama. "Usivute, Mmarekani. Farasi anausikia woga wako kwenye vidole." Nilimjibu kwa Kiingereza, na nyanya, mama yake, akatucheka kutoka jikoni.

Kisha wakampeleka vitani. Siku ya kuaga nilimsikia akimwambia mama kando ya sinki, "Dada, wakija wawili, wamevaa sare za sherehe, ujue sitarudi." Tangu hapo kila gari lililosimama nje lilinipeleka dirishani. Nilichungulia nyuma ya pazia nikihesabu vichwa.

Walikuja wawili, wamevaa sare hizo, alasiri moja mama akiwa bado kazini. Waliniuliza kama kuna mtu mzima anayejua Kiingereza, nikasema mama yuko njiani. Walitaka kumsubiri nje. Nyanya akakataa. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa chai, naye alidhani ni marafiki wa mwanawe, wametumwa kuleta salamu.

"Waambie wakae. Wamekonda hivi, huko hawapikiwi?"

Akachemsha maziwa na tangawizi, akapasha chapati. Mmoja wao, aliyekuwa mrefu, alishika kikombe kwa mikono miwili, asinywe.

"Waulize, wanamjua mwanangu?"

Sikuuliza. Nilitazama viatu vyao vinavyong'aa. "Wanamjua, nyanya."

"Basi mwambie huyu, mwanangu alipanda farasi kabla ya kupanda baiskeli."

Nikamwambia. Yule mrefu akainamisha kichwa, akanywa chai yote ikiwa moto, bila kupuliza. Nyanya akafurahi, akamwongeza.

Nilimwomba Mungu basi la mama liharibike. Maadamu chai ile ilikuwa mezani, mjomba alikuwa hai ndani ya nyumba yetu, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiogopa.

Mama akaingia, akaona sare, mkoba ukamponyoka. Lililomuua mjomba lilikuwa bomu lililotegwa barabarani, mbali na farasi yeyote.

Nyanya aliishi miaka mingine mingi, lakini tangu siku ile aliwauliza wageni shida yao pale pale mlangoni, wakiwa bado na makoti. Wengine walimwona amekuwa Mmarekani. Mimi sikuwahi kuwaeleza. Desturi ya chai kwanza, maneno baadaye, ilikwisha nyumbani kwetu, na sijui kama ningeweza kuirudisha.

Siku ile, wale wawili walipoinuka, nyanya, ambaye siku zote alimsindikiza mgeni hadi barabarani, alibaki ameketi, birika mkononi. Yule mrefu alisubiri kidogo. Kisha akatoka nyuma ya mwenzake, akaufunga mlango mwenyewe, taratibu.