Kipa wa Sakanoura na Jicho la Kushoto

Mitsuhiro Araya alipoondoka Sakanoura akiwa na miaka kumi na minane, nusu ya mji ilikwenda stesheni kumsindikiza. Timu kubwa ya Osaka ilikuwa imemchukua kuwa kipa. Miaka sita baadaye alirudi kwa treni ileile, na hakuna aliyekuja kumpokea. Huko Osaka alikuwa ameota mizizi benchi, akivaa na kuvua koti, akipasha misuli moto ili wengine wacheze.

Timu ya nyumbani, ambayo wakati huo ilikuwa daraja la tatu, ilimsajili kwa kuwa kipa wao alikuwa amevunjika kidole. Hapo ndipo maisha yake ya mpira yalipoanza hasa. Hakuwa mrefu sana kwa kipa, lakini alikuwa na macho. Mabeki wake walikuwa wakisema Araya anauona mpira kabla haujapigwa. Mwaka aliotimiza ishirini na tisa walipanda daraja la pili, na wauza samaki wa sokoni wakambeba juujuu na glavu zake mkononi.

Rafiki yake wa karibu hakuwa mchezaji. Alikuwa Mzee Hamaji, mtunza uwanja, ambaye kila baada ya mazoezi alikuja na ndoo ya mchanga kuziba mashimo ya golini.

"Unanichimbia makaburi hapa," Hamaji alimwambia. "Huwezi kudaka ukiwa umesimama kama watu wengine?"

"Nikisimama watanitukana."

"Na nyasi zangu nani anazionea huruma?"

Kisha walikuwa wakikaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, wakila matunda ya persimoni yaliyokaushwa na mke wa mzee, bila kuongea sana.

Araya alikuwa na miaka thelathini na minne mpira ulipompiga jicho la kushoto mazoezini. Ulikuwa mwezi wa saba. Shuti lilipigwa kwa karibu mno, hata mikono haikuwahi kunyanyuka. Walimwekea barafu, daktari wa timu akammulika kwa tochi.

"Unaona vizuri?"

"Naona vizuri," alisema, na siku ile ilikuwa kweli.

Mwezi uliofuata alianza kuona vimetameta gizani alipofumba macho. Septemba kikaja kivuli pembeni mwa jicho, kama mtu anayevuta pazia polepole. Alijua inampasa aende hospitali. Alijua vilevile kuwa mikataba inaamuliwa msimu ukiisha, na kwamba nyuma yake kulikuwa na Nishigaki, kipa namba mbili, kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye mikono mizuri na subira isiyoisha. Araya alilijua benchi lile kuliko mtu yeyote. Akajiambia acha msimu uishe kwanza. Kila wiki alijiambia hivyo, na kila wiki pazia lilisogea.

Mkewe, Chizuru, alianza kushuku siku Araya alipoiweka bilauri ya chai nje ya ukingo wa meza, ikaanguka.

"Una nini jicho hilo?"

"Usingizi tu."

"Usingizi wa jicho moja?"

Alicheka, na Chizuru akacheka pia. Akafuta chai sakafuni, na mambo yakaishia hapo.

Mechi ya mwisho walihitaji sare tu wabaki daraja la pili. Mvua yenye theluji ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na mashabiki walijaa na makoti yao ya plastiki, ngoma ikilia. Hadi dakika za mwisho matokeo yalikuwa bila bila. Kisha winga wa wageni akapiga krosi ya juu kutoka kushoto kwa Araya. Aliuona mguu wake ukipiga. Mpira ukaingia kwenye kile kivuli, asiuone tena. Aliruka alikodhani utakuwa. Alichosikia baadaye ni wavu.

Watu walidhani ameteleza kwa sababu ya mvua. Timu ilipojipanga mstari kuwainamia mashabiki kwa heshima, wao wakaanza kuimba jina lake. Waliliimba kwa nguvu, kama kumwambia hawana kinyongo. Wenzake waliinuka, yeye akabaki ameinama, kwani hakuwa na uso wa kuwaonyesha.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Nishigaki alikaa karibu naye, akasubiri wengine waende kuoga.

"Kaka, uliuona ule mpira?"

Araya alivua glavu moja. "Sikuuona."

"Nilijua. Tangu Septemba nilikuwa naona unageuza kichwa kizima."

"Mbona hukumwambia kocha?"

"Ningemwambiaje? Ungesema nataka namba yako." Nishigaki aliangalia sakafu. "Na nilikuwa naitaka kweli, kaka. Ndiyo maana nikashindwa."

Kwa miezi yote ile Araya alidhani hakuna aliyegundua.

Hospitalini walimwambia ukuta wa ndani wa jicho umebanduka siku nyingi. Angekuja majira ya joto, wangeuokoa. Sasa jicho la kushoto lingebaki kutofautisha usiku na mchana tu. Chizuru alikuwepo daktari alipoyasema hayo. Hakulia. Aliuliza dawa ya matone inawekwa mara ngapi.

Klabu ilipoandaa hafla ya kuwaaga wanaostaafu, Araya alisema atawaeleza watu ukweli.

"Nani anakulazimisha?" Chizuru aliuliza. "Wanakupenda. Waache wakupende."

"Wanampenda mtu aliyeteleza kwenye mvua. Mimi sikuteleza."

Aliwaambia kwenye kipaza sauti, kwa maneno machache, akainama. Hakuna aliyezomea. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alianza kuikunja bendera yake taratibu, akaiweka mfukoni. Mama mmoja aliyekuwa akiwapigia mashabiki ngoma miaka yote alimsubiri mlangoni.

"Ungesema tu, mwanangu," alimwambia. "Sisi tungekuimba hata ukiwa benchi. Sasa hata hatujui tulikuwa tunaimba nini."

Timu iliposhuka daraja, klabu ikapunguza wafanyakazi. Wa kwanza kuachishwa kazi alikuwa Mzee Hamaji. Uwanja ukapewa kampuni ya kukata nyasi kwa mashine. Januari Araya na Chizuru walikwenda kwake wakiwa na boksi la keki za maharage. Theluji ilikuwa imefika magotini. Hamaji alifungua mlango mwenyewe, akasimama pale viatu vinapovuliwa, asiwaambie wavue waingie ndani.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi."

"Asante sana kwa kujisumbua katika baridi hii, Bwana Araya," Hamaji alisema. Katika miaka yote hakuwahi kumwita Bwana. "Nakutakia afya njema ya jicho."

"Mzee Hamaji, mimi..."

"Barabara inateleza. Mrudi salama."

Alipokea boksi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga kama mtu anayemfungia mgeni asiyemfahamu.

Araya alisimama pale mpaka taa ya ukumbini ikazimwa. Angetukanwa, angejua la kujibu.

Siku hizi anafanya kazi kwenye kiwanda cha miso, kiungo cha soya iliyochachushwa, ng'ambo ya mto, akikoroga mapipa na kuosha vifuniko. Kazi anaiweza. Nishigaki alimpigia mara moja kumwomba aje awafundishe makipa wa timu ya vijana. Alimshukuru, akasema hawezi tena kujua mpira uko umbali gani. Siku za mechi huomba zamu ya mchana, kwa kuwa mashine za kiwandani zina kelele na huko nje hakusikiki kitu. Chizuru humpelekea chakula. Wakirudi nyumbani jioni, Chizuru hutembea upande wake wa kushoto, ambako Araya hamwoni, na anaushika mkono wa koti lake.